Nani anamwambia mzazi? Tathmini ya njia za kupeleka habari za fursa za wanafunzi wa biashara vyuoni

Kwa mzazi anayemsomesha mtoto uhasibu, fedha, masoko au ununuzi na ugavi, habari zenye thamani si nyingi. Kuna field (mafunzo kwa vitendo kazini), mitihani ya bodi za kitaaluma, mkopo na vipengele vyake, mafunzo ya uzoefu kazini baada ya kuhitimu, na mashindano mawili matatu yenye mtaji ndani yake. Zote zina tarehe ya kufungwa, na karibu zote zina gharama ambayo mwishowe huangukia mfuko wa nyumbani. Tumezipima njia zinazotumika hapa Tanzania kumfikishia mzazi habari hizo: SMS za mkupuo (zinazotumwa kwa wengi kwa pamoja), WhatsApp, tovuti ya chuo, Instagram, na kikao cha wazazi wakati wa mapokezi ya mwaka wa kwanza.

Kipimo kikuu ni kimoja: ujumbe unamkuta mzazi bado ana jambo la kufanya, au unamkuta dirisha limeshafungwa? Cha pili ni kama ujumbe unasema kazi ya mzazi ni ipi. Tangazo lililoandikwa kwa ajili ya mwanafunzi, likasukumwa kwa mzazi kama lilivyo, halina msaada mkubwa. Mwanafunzi anataka kujua fomu iko wapi. Mzazi anataka kujua ni shilingi ngapi, lini, na kama kuna saini au hati yake inayohitajika.

SMS ZA MKUPUO: 4 kati ya 5

Hazijapata mpinzani. SMS inaingia kwenye kitochi, haidai bando, inamkuta mzazi shambani au sokoni, na inabaki kwenye simu hadi mwenyewe aifute. Anayeitumia vizuri atapata faida kubwa kwa fedha ndogo. Anayeitumia ovyo atalipa mara tatu bila kujua.

Hapo kwenye kulipa mara tatu ndipo wengi wanapokwama. Ujumbe mmoja wa kawaida una herufi 160, nafasi na alama zikihesabiwa. Herufi zote za Kiswahili zimo kwenye seti ya kawaida ya simu, kwa hiyo lugha yenyewe haina tatizo. Tatizo ni alama zinazotoka kwenye kompyuta: kistari kirefu kinachojiweka chenyewe kati ya tarehe mbili, alama za kunukuu zilizopinda, ritifaa iliyopinda ya neno kama “kung’amua” iliyonakiliwa kutoka Word, au kikatuni cha uso unaocheka. Ikiingia alama moja tu ya aina hiyo, ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine wenye herufi 70 kwa ujumbe mmoja, au 67 kwa kila kipande ukigawanyika. Ujumbe wa herufi 156 uliokuwa mmoja unakuwa vipande vitatu.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua bei ya shilingi 25 kwa ujumbe na wazazi 600. Mkupuo mmoja ni shilingi 15,000, na mikupuo kumi kwa mwaka ni shilingi 150,000, kiasi ambacho idara yoyote inakimudu. Kistari kimoja kirefu kikipenya kila mara, bili inafika 450,000, na hapo ndipo mhasibu wa chuo anasema huduma ni ghali, ifutwe. Dawa ni kuandika ujumbe kwenye programu ya maandishi matupu, kisha kutazama kihesabu cha herufi kwenye ukurasa wa kutuma ujumbe kabla ya kubonyeza. Kihesabu kikionyesha 70 badala ya 160, kuna alama imejificha mahali.

Kasoro ya pili ni adabu iliyopitiliza. “Ndugu mzazi/mlezi, tunapenda kukujulisha kwamba” ni herufi 48 pamoja na nafasi ya mwisho. Karibu theluthi ya ujumbe imekwisha na mzazi bado hajaambiwa kitu. Heshima ni jambo jema, lakini iko kwenye kumpa mtu habari kamili kwa wakati. Huu hapa ujumbe unaotosha, wenye herufi 156:

Mzazi wa BCom mwaka 2: field ni 13/7-4/9. Barua zinatoka 2/3. Mwisho wa kupata nafasi 30/4. Kwako: malazi na nauli. Kuomba nafasi ni bure. Maswali: mratibu.

Tazama yaliyomo: nani anahusika, muda wa field, siku barua zinapoanza kutolewa, siku ya mwisho, mzigo wa mzazi, na onyo dhidi ya matapeli lililofichwa ndani ya maneno “kuomba nafasi ni bure”. Tarehe za mfano huu ni za kuonyesha tu. Kila chuo kina zake.

Kasoro ya tatu ni ya kimya kimya. Jina la mtumaji lenye herufi (mwisho ni herufi 11) halipokei majibu. Mzazi akijibu, jibu lake haliendi popote, naye hajui. Kwa hiyo kila baada ya mikupuo michache ni lazima itajwe namba ya ofisi inayopigika na saa za kupiga. “Maswali: mratibu” inamfaa tu mzazi aliyekwisha kupewa namba ya mratibu.

Ya nne ndiyo mbaya kuliko zote: namba zenyewe. Fomu ya usajili hujazwa na mwanafunzi, na kwenye nafasi ya “simu ya mzazi” wapo wanaoandika laini yao ya pili au namba ya rafiki. Chuo kinaweza kutuma ujumbe mwaka mzima kwa vijana kikidhani kinasema na wazazi. Namba ihakikiwe kwa kupigiwa mara moja, na swali la kuuliza ni rahisi: mwanao anasoma kozi gani, mwaka wa ngapi? Chuo kisichofanya hivyo, hata kikiwa na mfumo mzuri kiasi gani, hakistahili hizo alama nne.

WHATSAPP: 3 ikiwa imedhibitiwa, 1 ikiwa imeachiwa

Kundi la wazazi la WhatsApp linaweza kuchukua watu hadi 1,024, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Kila aliyemo anaona namba za wenzake. Ndani ya wiki chache kuna anayeuza mafuta ya mgando, anayetuma dua ya asubuhi, anayechangisha msiba, na anayekaribisha watu kwenye “biashara ya mtandao” yenye faida ya kila wiki. Tangazo la field limezama chini ya ujumbe 200. Msimamizi aweke mpangilio wa wasimamizi pekee kutuma, au bora zaidi afungue chaneli: mfuasi anapokea, namba yake haionwi na wafuasi wengine, na hakuna soga. Orodha ya matangazo ya WhatsApp nayo ina mipaka yake. Inabeba watu 256 tu, na ujumbe unamfika yule tu aliyehifadhi namba ya mtumaji kwenye simu yake. Wazazi wengi hawaihifadhi, halafu chuo kinashangaa mbona kimya.

Kinachoipa WhatsApp alama zake ni sauti. Maelezo ya dakika moja na nusu kwa Kiswahili cha kawaida, yakisomwa taratibu na mtu anayelijua jambo, yanamfaa mzazi asiyependa kusoma kuliko PDF ya kurasa nne iliyopigwa skana ikiwa imelala upande. PDF hiyo ndiyo ugonjwa wa njia hii. Barua rasmi ya Kiingereza yenye muhuri hutumwa kama ilivyo, na anayeifungua kwenye skrini ndogo huvuta kushoto na kulia mpaka akaiacha. Kama ni lazima barua itumwe, mistari mitatu ya muhtasari itangulie.

TOVUTI, INSTAGRAM NA KIKAO

Tovuti ya chuo tunaipa 2. Ni kabati zuri la kumbukumbu, kwani almanaka ya mwaka wa masomo, fomu na miongozo hupatikana hapo, na anwani inayoishia na .ac.tz ni kinga ya kwanza dhidi ya utapeli. Ila tovuti haimwiti mtu. Inamsubiri aende, na mzazi haendi. Matangazo mengi huandikwa kwa Kiingereza hata pale ambapo msomaji wake ni mama aliyeko Namtumbo.

Instagram: 1. Tarehe iliyochorwa ndani ya picha haitafutiki, na inayowekwa kwenye stori inatoweka baada ya saa 24. Inawafaa wanafunzi wenyewe.

Kikao cha wazazi wakati wa mapokezi kinapata 4, kwa sababu moja tu: ndiyo nafasi pekee ya kukusanya namba za kweli na kumwonyesha mzazi uso wa mratibu wa field na mshauri wa wanafunzi. Hotuba zifupishwe. Karatasi moja yenye ratiba ya miaka mitatu, iliyopigwa chapa pande mbili, ina faida kuliko saa mbili za salamu. Wanaotoka mbali hawatakuja, hivyo karatasi hiyo hiyo ipewe mwanafunzi aipige picha na kuituma nyumbani mbele ya afisa. Inachukua dakika mbili.

FIELD: PALE AMBAPO HABARI YA MAPEMA INALIPA

Tukizipanga fursa zote kwa uzito, field iko juu. Kwa kawaida ni wiki nane hivi katika likizo ndefu, kati ya Julai na Septemba, na kwa wengi ni mara ya kwanza kukaa ndani ya ofisi ya hesabu. Mlolongo wake ni huu: chuo hutoa barua ya utambulisho, mwanafunzi huipeleka kwa ofisi ya utumishi ya taasisi, taasisi hujibu kwa barua ya kukubali, nayo hurudishwa chuoni ili mwanafunzi apangiwe msimamizi. Siku ya kuripoti kuna fomu ya kuwasili. Kila siku kuna kitabu cha kumbukumbu kinachojazwa na kusainiwa na msimamizi wa pale kazini. Mwisho kuna ripoti.

Mambo huharibika katikati. Barua ya kukubali huchelewa kwa sababu mwanafunzi aliacha maombi mapokezi bila kupata jina la aliyepokea. Wengi hupeleka maombi makao makuu ya benki zilezile za Dar es Salaam, ambako nafasi ni chache na waombaji wanatoka vyuo vyote. Wengine hukubaliwa sehemu mbili na kukaa kimya, nafasi moja ikapotea bure. Na kuna lile la aibu: mjomba mwenye duka anapiga muhuri kwenye kitabu kwa wiki nane ambazo kijana hakuonekana. Msimamizi wa chuo akifika, hamkuti mtu. Field inarudiwa, na kuhitimu kunaweza kusogea mwaka. Mzazi anayeombwa kusaidia mpango wa namna hiyo akatae.

Mzazi ana nguvu ambayo hajui kama anayo: anaujua mkoa wake. Ujumbe wa chuo ungemkumbusha kwamba halmashauri, SACCOS, vyama vya ushirika, hospitali za misheni na ofisi ndogo za ukaguzi wa hesabu zote zina kazi ya kumfundisha mwanafunzi wa biashara, na kwamba kijana akiwa nyumbani halipi kodi ya chumba. Hilo peke yake linaweza kuokoa fedha nyingi kuliko posho yoyote.

Zaidi ya hapo, halmashauri wakati huo wa mwaka si mahali pa kubabaisha. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa 30 Juni, na hesabu za mwaka hutakiwa kumfikia Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ifikapo 30 Septemba. Field ya Julai hadi Septemba inaangukia ndani kabisa ya kazi hiyo. Mwanafunzi wa uhasibu atakuta usuluhisho wa benki, orodha za wadaiwa na wadai, rejista ya mali za kudumu, na malipo yanayopita kwenye MUSE, mfumo wa malipo wa serikali. Wa ununuzi atakuta mwaka mpya wa bajeti unaanza na zabuni zinaingizwa kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka 2023 kuchukua nafasi ya TANePS. Atarudi chuoni na mambo ambayo aliyekaa kaunta ya benki ya mjini hakuyaona. Tunajua wanafunzi wengi hawapendi kusikia hivi, maana picha ya jengo la ghorofa ina mvuto wake.

Kwenye ushirika, msimu ndio wa kutazamwa. Kijana wa Simiyu au Shinyanga atakikuta chama cha msingi kikipima na kulipia pamba. Kagera, kahawa inakusanywa. Lindi, minada ya ufuta huwa imeshaanza. Lakini anayetaka kujifunza mnada wa korosho Mtwara atakosa, kwa sababu msimu wake hufunguka karibu na Oktoba, vitabu vya field vikiwa vimeshafungwa. Huduma nzuri kwa wazazi ingetuma ujumbe tofauti kwa mikoa tofauti. Mfumo wa SMS unaruhusu kugawa namba kwa makundi, ni mtu tu wa kuyagawa.

Kwa ofisi za ukaguzi, kampuni inayofunga mwaka Desemba hutakiwa kuwasilisha ritani ya kodi ndani ya miezi sita, yaani kufikia 30 Juni. Miezi ya kabla ya hapo ofisi hizo zinachemka. Anayeingia Julai atakuta vumbi limetulia, na apewe faili zilizokwisha azisome, jambo ambalo si baya. Mwenye nafasi ya kujitolea wiki mbili za likizo fupi ya Februari au Machi ndiye atakayeona moto wenyewe.

MKOPO: MACHACHE YA KUMWAMBIA MZAZI, LAKINI KWA USAHIHI

Bodi ya Mikopo ina akaunti ya mwanafunzi, SIPA, ambako taarifa zote za mkopo wake zipo. Hiyo ni ya mwanafunzi, na mzazi asiombe nywila. Anachotakiwa kujua ni upande wake wa fomu: kuna sehemu ya mdhamini, kuna uthibitisho wa serikali ya mtaa au kijiji, na cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, au ZCSRA kwa Zanzibar. Ada ya maombi ni shilingi 30,000 na hairudishwi. Kinachowakwamisha wengi ni uhakiki wa vyeti kuachwa hadi siku za mwisho, pamoja na saini iliyokosekana kwenye ukurasa mmoja. Ujumbe unaomfaa mzazi hutoka dirisha linapofunguliwa na tena wiki mbili kabla halijafungwa. Ule wa siku ya mwisho ni wa kuleta presha tu.

Mambo mawili husahaulika. La kwanza, mkopo una kipengele cha mafunzo kwa vitendo, lakini fedha hiyo (bumu) isihesabiwe kama nauli ya wiki ya kwanza. Mwanafunzi anatakiwa kusaini kwanza, na taratibu zina hatua zake, kwa hiyo akiba ya nyumbani ya wiki mbili iwepo. La pili, Samia Scholarship imewekwa kwa ajili ya masomo ya sayansi na jamaa zake. Mzazi wa mwanafunzi wa biashara asiisubiri, na chuo kisimtumie tangazo lake kwa kukosa la kutuma. Mikupuo isiyomhusu mtu inamfundisha kupuuza hata inayomhusu.

MITIHANI YA BODI

Hapa ndipo ukimya unapogharimu mwaka mzima. NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, hufanya mitihani yake mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, na PSPTB kwa upande wa ununuzi na ugavi nayo hufuata miezi hiyo. Usajili hufungwa mapema kabla ya mtihani. Sasa weka hilo kando ya ratiba ya chuo. Matokeo ya mwisho hutoka kuelekea robo ya mwisho ya mwaka, na mahafali mengi huwa kati ya Oktoba na Desemba. Mzazi anayeambiwa habari za CPA (cheo cha mhasibu aliyeidhinishwa na NBAA) siku ya mahafali ameambiwa wakati Novemba imeshapita, na kinachofuata ni Mei. Ujumbe huu utumwe mwanafunzi akiwa muhula wa mwisho, vyeti na picha zikiandaliwa mapema.

Yaelezwe pia mambo mawili. Mwenye shahada ya uhasibu kwa kawaida haanzii chini. Anaingia ngazi ya kati, ilhali mwenye shahada nyingine huanza na ngazi ya msingi. Na kufaulu mitihani pekee hakumpi mtu cheo cha CPA kamili, kwani uzoefu wa kazi wa miaka mitatu unahitajika. Mzazi anayejua hilo hatamsukuma kijana aache kazi ya mshahara mdogo ofisini kwa mkaguzi ili “amalize CPA kwanza”.

ACCA, sifa ya uhasibu ya Uingereza, hutajwa sana na wauzaji wa madarasa. Ina mitihani 13, misimu minne kwa mwaka (Machi, Juni, Septemba, Desemba), na mwenye shahada inayotambuliwa husamehewa baadhi ya mitihani. Kinachoachwa kwenye vipeperushi ni kwamba msamaha nao unalipiwa, mtihani kwa mtihani, na ada ya uanachama wa mwanafunzi ni ya kila mwaka kwa pauni. Kabla ya kulipa, mzazi aombe jumla ya miaka mitatu iandikwe kwenye karatasi. Kwa wa fedha na uwekezaji kuna CFA, sifa ya kimataifa ya wachambuzi wa uwekezaji, ambayo ngazi ya kwanza inaweza kufanywa na mwanafunzi aliyebakiza miezi isiyozidi 23 kuhitimu. Ni mtihani mgumu na wa gharama, unaomfaa anayelenga masoko ya mitaji hasa. Kwa mwenye ndoto ya kuwa mhasibu wa kampuni, fedha hizo ziende NBAA.

MITAJI, NA WALE WENYE “FURSA”

Kati ya programu za mitaji, ya Tony Elumelu Foundation ndiyo inayostahili kutajwa kwa mzazi bila kusita. Iko wazi kwa Waafrika wenye miaka 18 au zaidi, mtaji wake ni dola 5,000, dirisha huwa kati ya Januari mosi na Machi mosi, na maombi hayalipiwi. Mzazi anachoweza kutoa ni ukweli wa biashara ya familia: mauzo ya genge kwa wiki, bei ya gunia, nauli ya mzigo. Maombi yenye tarakimu za kweli husomeka tofauti na yale yaliyonakiliwa mtandaoni.

Upande wa pili wa shilingi unajulikana. Mwanafunzi wa biashara ni windo la watu wa “biashara ya mtandao”, mafunzo ya forex yenye ada ya kujiunga, na ajira za uongo zinazotaka fedha ya fomu, ya vipimo au ya sare. Alama tatu zinatosha kumpa mzazi. Ajira za serikali zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira huombwa kwenye Ajira Portal na hazilipiwi. Anwani za taasisi za umma huishia na .go.tz. Na hakuna mwajiri wa kweli anayesema “tuma kwenye namba hii” kabla ya usaili. Chuo kinachotuma onyo hili mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, kimewakinga wazazi wake kuliko semina yoyote.

KIPI KISITUMWE

Huduma kadhaa huvuka mpaka kwa nia njema: zinamtumia mzazi matokeo, mahudhurio, hata habari za afya ya mwanafunzi. Mwanafunzi wa chuo kikuu ni mtu mzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililoelezwa na kwa msingi halali. Njia safi ni kutenganisha. Habari za fursa, tarehe na gharama ni za wote na hazimtaji mwanafunzi yeyote, kwa hiyo zitumwe kwa mzazi aliyekubali kuzipokea. Matokeo yabaki kwa mwenyewe, naye akitaka mzazi ayaone, atamwonyesha. Fomu ya kukusanya namba iwe na mistari miwili inayosema namba itatumika kwa nini na mtu anajitoaje. Namba za wazazi zisipewe benki wala wauza viwanja, hata wakidhamini kikao.

Kuna na lugha ya ujumbe. “Hakikisha mwanao anaomba” humgeuza mzazi kuwa askari, na kijana wa miaka 21 ataficha kila kitu. “Mwulize kama amepata mahali pa field, na kama malazi yatahitajika” humpa mzazi swali la kuulizia mezani.

Kosa la mwisho ni la ratiba, na karibu kila mfumo tunaoujua unalo: jina la mzazi hufutwa kwenye orodha pale mwanafunzi anapohitimu. Ndipo mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu yanayoratibiwa na TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, yanapoanza kumhusu. Ndipo Ajira Portal inapomtaka awe na namba ya NIDA na vyeti vilivyothibitishwa tayari, tena matangazo mengine hukaa wazi wiki mbili tu. Ndipo pia usajili wa Mei wa NBAA unapofunguliwa. Orodha iachwe hai miezi 12 baada ya mahafali. Kwa bei ile ile ya shilingi 25, mikupuo mitano ya nyongeza kwa wazazi 200 wa wahitimu ni shilingi 25,000.